Msemaji na Kauli Yake

Nataka niseme machache juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulitenda kila siku bila ya kujijua kuwa analitenda. Nalo ni hili, kwamba linapotujia neno la siasa, liwe la kodi, la vita au la uchaguzi, twampima kwanza mwenye kulisema kabla ya kulipima neno lenyewe, na aghalabu, tukisha kumpima yeye, hatuoni tena haja ya kulipima alilolisema.

Wako watu waionao tabia hii kuwa ni udhaifu, nao hutunasihi tulitazame lisemwalo wala tusimtazame mwenye kusema. Nasaha hii ni njema pale ambapo dalili zote zimewekwa mezani, kama katika hesabu, ambapo mtoto wa shule na mwalimu wake wakiandika jawabu moja, jawabu la mwalimu halizidi uzito la mtoto. Lakini mambo ya utawala hayatujii na dalili zake zote. Waziri asemapo kwamba hazina ya nchi imejaa, na mpinzani wake aapapo kwamba hazina imekauka, hakuna mvuvi wa Lamu wala mkulima wa Newala awezaye kufunga safari akaifungue hazina hiyo na kukihesabu kilichomo. Maadamu hatuwezi kuyaona mambo hayo kwa macho yetu wenyewe, twalazimika kuyaona kwa macho ya wengine, na kuuliza ni macho ya nani ni swali la haki kabisa.

Katika jambo hili twafanya kama afanyavyo mwenye duka la mtaani, ambaye mteja amjuaye humkopesha unga na sukari hata mwisho wa mwezi, na asiyemjua humtaka fedha taslimu. Msemaji anayeaminika hupokewa maneno yake kwa mkopo. Asiyeaminika hutakiwa alete burhani papo hapo. Sina nia ya kuwaambieni mfunge duka. Nia yangu ni kuwaonyesheni kwamba wengi wetu twakopesha bila ya kuandika daftari, na kwamba hasara zetu nyingi za siasa hutokana na daftari hilo lisiloandikwa.

Jambo lenyewe ni la kale. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi karne ya nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alifundisha kwamba msemaji huaminiwa kwa mambo matatu, yaani busara yake, wema wa tabia yake, na nia yake njema kwa hao anaosema nao. Lakini ilikuwa ni katika zama za karibu ndipo wataalamu walipothubutu kuyapima mambo haya kwa tarakimu. Mwaka 1951 Carl Hovland na Walter Weiss, wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, walichapisha habari za jaribio walilowafanyia wanafunzi. Waliwasomesha makala juu ya mambo manne yaliyokuwa yakibishaniwa wakati ule, na mojawapo lilikuwa swali kama yamkini kuunda nyambizi iendayo kwa nguvu za atomiki. Baadhi ya wanafunzi waliambiwa kwamba makala hiyo ni ya J. Robert Oppenheimer, mwanafizikia aliyeongoza kazi ya kutengeneza bomu la atomiki. Wengine wakaambiwa kwamba imetoka katika Pravda, gazeti la Chama cha Kikomunisti cha Urusi ya wakati ule. Makala ilikuwa moja, neno kwa neno, ila jina lililotiwa chini yake.

Matokeo yalikuwa dhahiri. Kwa makala zote nne kwa jumla, palipokuwa na jina la kuaminika, rai zilizogeuka kuifuata makala zilizidi zile zilizogeuka kinyume chake kwa kiasi cha 23 katika kila 100. Palipokuwa na jina la kushukiwa, ziada hiyo haikufika 7. Fauka ya hayo, wanafunzi walipoulizwa kama mwandishi ametenda insafu katika kulieleza jambo lake, waliopewa jina la kushukiwa walimwona mwandishi kuwa ana upendeleo zaidi, ingawa maneno waliyoyasoma ni yale yale waliyoyasifu wenzao. Na walipotahiniwa kwa yale waliyojifunza, wote walikuwa wameyashika sawasawa. Basi jina halikuwazuia kulielewa neno, liliwazuia kulikubali.

Yafaa tusimame hapa kidogo tuyatazame majina yale mawili. Nyambizi ya kwanza ya nguvu za atomiki, Nautilus, ilishushwa majini huko Marekani mwezi Januari 1954, kwa hiyo yeyote aliyesema kwamba yawezekana kuundwa alikuwa amesema kweli, hata kama aliyesema ni Pravda. Na mwezi Juni wa mwaka huo huo, Oppenheimer yule yule, ambaye jina lake lilitumiwa kuwa kielelezo cha uaminifu, aliamuliwa na Tume ya Nishati ya Atomiki ya nchi yake kuwa hafai kuoneshwa siri za taifa, kwa shaka walizokuwa nazo juu ya nyendo zake na watu aliosuhubiana nao. Elimu yake ya fizikia haikupungua hata chembe katika miaka ile mitatu; kilichogeuka ni mioyo ya watu wa zama zile. Kutokana na hayo twajifunza kwamba sifa ya kuaminika haikai yote kwa msemaji. Sehemu yake kubwa yakaa kwetu sisi wasikilizaji, nasi twaweza kuitoa na kuinyang'anya kwa sababu zisizohusiana kabisa na kweli.

Je, mkopo huu wa kuaminiwa hupatikanaje? Njia iliyo na nguvu kuliko zote ni kusema au kutenda jambo linalomgharimu msemaji mwenyewe. Mwaka 1966 watafiti wengine wa Marekani, akiwemo Elliot Aronson, waliwapa watu hoja za mhalifu aliyekwisha kuhukumiwa. Mhalifu huyo alipodai kwamba mamlaka ya mahakama yapunguzwe, hakuna aliyemjali, kwani kila mtu alikwisha kujua anakotaka kwenda. Lakini alipodai kwamba mahakama zipewe nguvu zaidi, walimsikiliza kwa makini kama wamsikilizavyo mtu mwenye heshima zake. Hakugeuka kuwa mwema mbele yao. Kilichomfanya aaminike ni kwamba neno lake lilikuwa likimuumiza yeye mwenyewe.

Mwaka uo huo, mbali na maabara yoyote, Dar es Salaam ilishuhudia jambo la sampuli hiyo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kuingia Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao katika muda wa utumishi huo. Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa nchi, aliwasikiliza, akaghadhibika, akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400; lakini angekomea hapo, tungekuwa na habari ya mtawala aliyewaadhibu vijana, na habari za namna hiyo ni tele duniani. Yeye alitangaza kwamba mshahara wake mwenyewe utapunguzwa kwa asilimia 20, na ya mawaziri na maofisa wakubwa nayo ikapunguzwa. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha, lenye miiko iliyomkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni za kibepari, na kumiliki nyumba za kupangisha. Neno la kujinyima halina uzito kinywani mwa mtu asiyejinyima. Mwalimu alipolisema, wananchi walikwisha kuona kwamba ameanza kwa mfuko wake mwenyewe, na wengi walilipokea hata kabla ya kulisoma.

Na mkopo hupotea kwa njia gani? Hupotea kwa kudai ushindi usiokuwapo. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, redio ya Wajerumani, iliyokuwa ikiwahutubia Waingereza kwa lugha yao wenyewe, ilitangaza kwamba manowari kubwa ya Uingereza ichukuayo ndege, iitwayo Ark Royal, imezamishwa, ikawa inauliza tena na tena kwa kejeli iko wapi. Ilhali ilikuwapo, yaelea, na mabaharia wake waliisikia redio hiyo wakacheka. Manowari hiyo ilizama kweli mwezi Novemba 1941, na Waingereza wenyewe wakalitangaza jambo hilo kwa kinywa chao. Msikilizaji wa siku zile aliyelinganisha sauti hizo mbili hakuhitaji profesa wa kumweleza ni ipi ya kukopeshwa: moja ilikuwa imewazamisha adui zake kabla hawajazama, na nyingine ilikuwa imekiri msiba wake.

Watu wetu wa pwani nao walipata fursa ya kulinganisha. Tangu mwaka 1954 Redio Cairo ilikuwa ikisema nao kwa Kiswahili, ikiwalaani wakoloni. Na tarehe 27 Juni 1957 redio ya BBC ya London nayo ikaanza matangazo yake ya Kiswahili. Aliyezisikiliza zote mbili, akatazama kila moja ilisema nini juu ya aibu za mwenyewe, alipata elimu ambayo hakuna mojawapo iliyokusudia kumpa.

Lakini, wasikilizaji wangu, hata mkopo uliopatikana kwa halali una hatari yake, nayo ni kwamba mtu aliyeaminiwa kwa jambo moja huaminiwa kwa yote. Historia yetu ina mfano mchungu. Wazee waliosimulia habari za Vita vya Maji Maji kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, walieleza jinsi Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alivyopandwa na pepo, akaingia katika dimbwi la mto mbele ya jamaa zake, akapotea humo, na kesho yake akatoka nguo zake zikiwa kavu. Kwa watu walioliona au kulisikia jambo hilo, hapakuwa na msemaji mwaminifu kumshinda yeye. Naye aliwaletea mambo mawili. La kwanza ni kwamba watu wote weusi ni wamoja, wala haifai Mmatumbi na Mngindo kukaa mbalimbali ilhali Mjerumani anawatumikisha wote katika pamba. Na neno hilo lilikuwa kweli tupu, lililowaunganisha watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na shauri moja. La pili ni kwamba dawa ya maji itazigeuza risasi kuwa maji. Yote mawili yalipokewa kwa mkopo mmoja. Mwezi Julai 1905 watu waling'oa pamba huko Nandete. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa. Na tarehe 30 Agosti maelfu waliiendea boma ya Mahenge, wakapigwa kwa bunduki za rashasha. Wajerumani wenyewe waliwakadiria waliokufa katika vita vile kuwa 75,000, na wanahistoria wengi waliofuata wametaja hesabu kubwa zaidi, njaa ikiwa imeua kuliko risasi. Sisemi haya kumbeza Kinjikitile, ambaye twamhesabu kwa haki miongoni mwa mashujaa wetu. Nasema tu kwamba kweli yake ya kwanza ndiyo iliyolidhamini neno lake la pili, na hakuna aliyeuliza kama aliyezijua siri za umoja wa watu amezijua pia siri za risasi.

Mfano wa kinyume waonyesha mpaka wa jambo hili. Mwalimu Nyerere, pamoja na imani yote waliyokuwa nayo wananchi kwake, aliwahimiza kwa miaka mingi wahamie katika vijiji vya ujamaa, na waliohama kwa hiari hawakutosheleza alivyotaka, hata mwaka 1973 kuhamia vijijini kukageuzwa kuwa amri, na malori yakatumwa kuwahamisha watu. Kwa nini wale wale waliompokea kwa habari za uhuru na za miiko ya viongozi walisita hapa? Nadhani ni kwa sababu shamba mkulima alilijua mwenyewe, alijua rutuba yake, maji yake na makaburi ya wazee wake. Jina kubwa la msemaji hutawala zaidi pale msikilizaji asipokuwa na ujuzi wake mwenyewe; palipo na ujuzi, jina hupungua nguvu.

Sasa nirudi kwa wale wanafunzi wa Yale, kwani habari yao sikuimaliza. Walirejewa baada ya majuma manne wakaulizwa tena rai zao. Waliokuwa wamemwamini mwandishi walikuwa wamepoa, na waliokuwa wamemshuku walikuwa wamelainika, hata makundi yale mawili yakakaribiana. Mambo waliyoyasoma yalikuwa yamebaki, lakini jina lilikuwa limeachana na neno lake. Wahenga wetu wamesema kwamba njia ya mwongo ni fupi, nami sikatai. Lakini njia ya uongo wenyewe ni ndefu kuliko ya mwongo, kwani ukisha kuachana naye huendelea na safari peke yake, safi, bila ya aibu ya baba yake. Hapo ndipo mtu husikika barazani akisema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja; na ukimwuliza ni nani aliyelisema, hakumbuki.

Dawa yake nayo imejaribiwa. Mwaka 1953 Hovland na mwenzake Herbert Kelman waliwasikilizisha wanafunzi hotuba juu ya vijana wahalifu, wengine wakiambiwa kwamba msemaji ni hakimu, wengine kwamba ni mtu mwenye mwenendo mbaya. Baada ya majuma matatu, waliokumbushwa tena ni nani aliyesema walirejea kumwamini hakimu na kumshuku mwovu, kama siku ya kwanza. Wasiokumbushwa hawakuona tofauti. Na utafiti uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha jambo jingine, kwamba hila hii ya kusahau hufanya kazi zaidi pale msikilizaji anapolisikia neno kwanza, kisha baadaye ndipo aambiwapo kwamba mwenye kulisema si wa kuaminiwa. Onyo likichelewa, neno huwa limekwisha kukaa.

Nikiyasoma hayo huwakumbuka maulamaa wa Hadithi, ambao karne nyingi kabla ya Yale waliweka kanuni kwamba majina ya wapokezi yatajwe kwanza, mmoja baada ya mmoja, ndipo maneno yafuate. Imamu Bukhari, aliyezaliwa mwaka 810 na kufariki mwaka 870, pamoja na maimamu wenziwe, walimchunguza kila mpokezi kwa mizani mbili, uadilifu wa tabia na umadhubuti wa hifadhi. Na mcha Mungu aliyejulikana kwa usahaulifu, ijapokuwa hakuna aliyemtuhumu uongo, riwaya yake ilidhoofishwa vile vile. Na Kurani, katika Surat al-Hujurat, inapowaelekeza waumini juu ya habari aletayo mtu fasiki, haiwaamuru waitupe. Yawaamuru waihakikishe, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga. Hapo ndipo ilipo insafu ambayo wale wanafunzi waliikosa mbele ya jina la Pravda: asiyeaminika hakopeshwi, lakini akileta fedha taslimu, fedha yake hupokewa na kuhesabiwa.

Leo daftari lile nililolitaja mwanzo latakiwa kuliko zamani, kwa kuwa maneno hutufikia katika simu yakiwa yamepita mikono mingi na kupoteza jina njiani, au yakiwa yamevikwa jina la kuiba. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2017 zilizagaa video za uongo zenye nembo za BBC na CNN, hata mashirika hayo yakalazimika kuzikana. Aliyezitengeneza alijua vema kwamba kuiba mkopo wa mwingine ni rahisi kuliko kuuchuma.

Basi kila msemaji wa siasa aulizwe mambo matatu: amelijuaje hilo asemalo, atapata faida au hasara gani tukimwamini, na yale aliyotuambia zamani yalitokeaje. Akopeshwe kwa jambo moja moja, asipewe mkopo wa jumla, kwani mjuzi wa vita si lazima awe mjuzi wa bei ya korosho. Na wewe msikilizaji, utakapolisimulia neno kwa jirani yako, anza kwa kumtaja uliyelipata kwake, ndipo ulitaje neno lenyewe, hata kama kufanya hivyo kutaipunguza ladha ya hadithi yako. Jirani naye akikujia na habari isiyo na mwenyewe, mwulize kwa upole ameipata kwa nani; akishindwa kujibu, msikasirikiane, bali habari hiyo ingoje mpaka mwenyewe apatikane, na kura yako isiende kuidhamini.